Nusu Saa Niliyoilipia Chikongola

Katika kibanda cha gemu ninachokwenda hapa Chikongola, Mtwara, muda hulipiwa kabla ya kukabidhiwa pedi ya kuchezea, na tangu niuzoee utaratibu huo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nyumbani sikuwahi kujiuliza: katika nusu saa niliyoinunua, nimecheza dakika ngapi?

Juma lililopita nilichagua mchezo mpya wa vita vya kale, wenye picha nzuri mno. Zikaanza filamu fupi mbili, kisha nikaamriwa kumfuata mzee aliyetembea polepole kuliko farasi wangu, huku maandishi yakijitokeza kila hatua chache kunifundisha kitufe cha kubonyeza. Ramani ilipofunguka ilikuwa imejaa alama kama upele, na kazi yangu ya kwanza ikawa kuchuma mitishamba 10 na kumpelekea mzee yule yule. Muda uliisha nikiwa na sita. Urefu wa mchezo haunichoshi. Kinachonichosha ni kutumwa.

Ukubwa wenyewe si kosa. Katika mchezo wa Breath of the Wild, uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 2017, karibu kila mlima unaouona unaweza kuupanda, mradi nguvu za mhusika zisiishe njiani, na mvua ikinyesha mwamba huteleza, hivyo unalazimika kusubiri au kutafuta njia nyingine. Hapo hakuna aliyekutuma. Umeuona mlima, ukautamani, ukaanza kupiga hesabu.

Mpwa wangu wa miaka tisa alinionyesha jambo hilo waziwazi zaidi kwa Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, ambao mwenye kibanda anao kwenye mashine kuukuu. Mario, mhusika unayemwongoza, mwanzoni husimama upande wa kushoto wa skrini, na kulia kwake pako wazi, kwa hiyo mtoto alikwenda kulia bila kuambiwa. Akaja kiumbe mfano wa uyoga; akakigusa, akafa. Mara ya pili aliruka mapema mno, akakiangukia ubavuni, akafa tena. Mara ya tatu nilimwona ameshusha mabega, kidole gumba kikingoja juu ya kitufe, kisha akaruka na kukikanyaga barabara. Hakusoma hata neno moja, lakini kila alipokufa alijua sababu, na sekunde chache baadaye alikuwa amerudi mwanzo kujaribu tena.

Michezo ya mpira nayo hujaza kibanda kila jioni, na nadhani sababu ni kwamba mpinzani umekaa naye benchi moja, unasikia anavyopumua anapopiga penalti.

Kijana wa kibanda alipogonga meza kutujulisha kwamba muda umekwisha, mpwa wangu alikuwa ametumbukia shimoni kwa mara ya nne. Aliniomba nimlipie dakika tano tu, akanieleza kwa kidole, juu ya kioo, mahali hasa alipochelewa kuruka.