Siku moja, lenzi tatu na mechi ya kikapu

Saa 11 alfajiri

Sijapiga mswaki bado, ila kompyuta nimeshaifungua. Naziangalia tena picha za Jumamosi iliyopita. Kwenye kioo cha kamera zilikuwa nzuri kabisa, hata nikamwonyesha nahodha kwa mbwembwe. Kuzikuza sasa ni aibu tupu: mpira umekuwa yai, na uso wa mchezaji ni kama mtu kaufuta na kitambaa kibichi.

Takwimu za picha zinajieleza zenyewe: 1/125 (kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde), ISO 6400 (usikivu wa kamera kwa mwanga), f/5.6 (tundu la lenzi; namba ikipungua, tundu linapanuka). Mtu anayeruka kwenda kufunga humpati kwa 1/125. Unahitaji 1/500 kwa uchache, na ukitaka vidole vihesabike basi 1/1000. Kuongeza ISO zaidi sitaki, maana kamera yangu ni Canon 80D na juu ya 6400 chenga zinaanza kula ngozi za watu. Flashi nayo sithubutu kumpiga nayo mchezaji machoni akiwa anarusha mpira. Imebaki lenzi.

Ninayotumia siku zote ni 18-135 (ni milimita; namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi). Kwa mahafali na send-off za mchana haijawahi kuniangusha, lakini ukiivuta hadi mwisho tundu lake linagoma f/5.6. Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya LUKU: ukitoka f/5.6 kwenda f/2.8 mwanga unaingia mara nne, kwa hiyo 1/125 inakuwa 1/500. Ukifika f/2 ni mara nane, 1/1000. Ukumbi uleule na taa zilezile.

Akiba yangu ni laki saba. Leo jioni kuna mechi nyingine, na timu imeshaniambia inataka picha za mabango.

Saa 2 asubuhi

Basi la mwendokasi kutoka Kimara, begi nimelipakata. Kazi ya asubuhi ni picha za vitambulisho vya wafanyakazi wa ofisi moja Posta. Watu ishirini na wawili, ukuta mweupe, "dada, kidevu chini kidogo, hapohapo." Saa 5 nimemaliza.

Saa 5 na nusu

Kariakoo. Duka la kwanza nimekaribishwa na kijana mchangamfu kuliko kawaida.

"Bosi, mpira wa kikapu? Chukua hii 75-300. Hii inavuta mpaka Zanzibar!"

Sikatai, inavuta. Ila ikifika huko Zanzibar inarudi kwenye f/5.6 ileile niliyoikimbia Kimara. Wengi tunakosea hapa, na mimi miaka miwili iliyopita nilikosea hivyohivyo: unasikia michezo, unawaza kuvuta. Uwanja wa kandanda ni kweli, mchezaji yuko mita themanini. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa 15 tu. Umekaa pembeni, watu wanakudondokea miguuni. Shida yako ni giza, umbali wala si tatizo.

Nimemshukuru, nikavuka barabara kwenda kwa mama mmoja ninayemfahamu tangu nanunua memori kadi za kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kununua au kushikashika?"

Anayo 85mm f/1.8 ya mtumba, ile ya Canon iliyotoka mwaka 1992 na mpaka leo watu wanaigombea. Anataka laki sita na nusu. Nimewasha tochi ya simu, nikaimulika kutoka nyuma huku nachungulia mbele kwa pembe. Kwa joto na unyevu wa Dar, hii hatua usiiruke hata kama muuzaji ni shemeji yako: fangasi huonekana kama nyuzi za buibui ndani ya kioo, na zikishaota kuzitoa ni kazi ya fundi wa kweli. Hii ina vumbi kidogo, nyuzi hakuna. Nikaifunga kwenye kamera yangu, nikaweka f/1.8, nikapiga maboksi ya rafu ya mbali. Maandishi yanasomeka. Pembeni mwa boksi jeupe kuna ukingo wa zambarau, ugonjwa wa lenzi hii unaojulikana. Kwenye jezi za kikapu hakuna atakayeuona.

"Mama, niachie hadi kesho asubuhi. Nikaijaribu kwenye mechi."

Akanitazama juu ya miwani. "Laki tatu na kitambulisho."

Nimeacha vyote.

Saa 8 mchana

Wali maharage, kisha Magomeni kwa kaka yangu wa picha za harusi (ndugu wa kazi, si wa damu). Yeye ana 70-200 f/2.8, toleo la zamani lisilo na kitulizaji cha mtikisiko. Hicho hakinisumbui: kitulizaji kinatuliza mkono wangu, hakimtulizi mchezaji anayekimbia. Ananikodishia kwa elfu hamsini.

"Mdogo wangu, hili zigo utaliweza?"

Lina uzito wa kilo 1.3. Ile ya mama ni gramu 425. Nimecheka, nikalitia begini. Kulala saa moja, betri mbili kwenye chaji.

Saa 11 jioni

Ukumbi wenyewe siutaji. Tuseme tu uko Dar, una paa la bati, na taa tatu za upande wa goli la kushoto zimekufa siku nyingi. Vijana wanapasha misuli. Kuna mmoja mrefu ambaye wenzake wanamwita Thabeet. Tangu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili kwenye drafti ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, sidhani kama kuna timu mjini isiyo na Thabeet wake.

Nimepiga picha tano za majaribio mfululizo, nikakuta kituko: ya kwanza sawa, ya pili ina giza na umanjano, ya tatu sawa, ya nne tena kama imechovywa kwenye chai. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za namna hii zinafifia na kung'aa mara 100 kila sekunde bila jicho kujua. Ukipiga kwa 1/1000 unanyakua kipande kidogo tu cha huko kupanda na kushuka, bahati yako. 80D ina kipengele kwenye menyu cha kuvizia taa ifike kileleni ndipo shata ifunguke. Nimekiwasha. Kasi ya kupiga imepungua kidogo, lakini rangi zimetulia.

Saa 12 na nusu jioni

Robo ya kwanza nimeanza na zigo la kaka. Nakiri: ni tamu. Mpira ukienda goli la mbali navuta, ukirudi naachia, mchezaji haponyoki kwenye fremu. f/2.8, 1/500, ISO 6400. Sura zinatoka safi, ila mikono ya mwenye kurusha bado ina mkia wa ukungu. Mpaka filimbi ya mapumziko mafupi kiganja cha kushoto kinatetemeka.

Robo ya pili nimeweka 85, nikakaa chini kwenye kona ya mstari wa nyuma. Kutoka hapo hadi chini ya ringi ni kama mita saba na nusu. Nimeshika kamera wima: kwa umbali huo napata mchezaji kuanzia mapajani hadi mikono juu. f/2, 1/1000. Thabeet akaja kutoka kushoto, akaruka, nikabonyeza. Kwenye kioo nikaona jasho limemruka kutoka kidevuni, matone manne, kila moja limesimama peke yake hewani. Nikabaki nimeganda kama mjinga, na shambulizi lililofuata likanipita.

Lakini 85 nayo ina ukorofi wake. Kwa tundu wazi hivyo, sehemu inayokaa kwenye fokasi haizidi sentimita sitini hivi. Mara mbili kamera iliamua kushika namba ya mgongo wa mkabaji, mfungaji wangu nyuma yake akawa moshi. Dawa niliyoigundua ni nukta moja tu ya katikati, fokasi ya kufuata, na kuanza kumfuata mtu kabla hajapewa mpira. Na kwa kuwa haivuti, goli la mbali nililisamehe kabisa; kule wachezaji wanakuwa sisimizi.

Robo ya tatu nilitoa kile kijilenzi changu cha 50mm f/1.8, nikageukia benchi: kocha anachora kwenye ubao, kijana anafunga kamba za viatu. Nilikaribia mno, mwamuzi akaninyooshea kidole. Nikarudi nyuma kwa adabu. Robo ya mwisho, 85 tena.

Saa 4 usiku

Kimara, chai ya rangi. 70-200: picha 210, zinazofaa 31. 85: picha 180, zinazofaa 44. Ya kaka imenipa fremu nyingi zilizokaa vizuri, ya mama imenipa sura. Ningekuwa naajiriwa na gazeti, na mwili wa kamera wenye sensa kubwa (kile kipande kinachopokea mwanga), ningejifunga mkanda nikatafuta zumu, lenzi ya kuvuta kama ya kaka. Kwa laki saba na kumbi hizi za kwetu, nachukua 85, na kwa goli la mbali nitatumia miguu.

Nimemtumia nahodha picha kumi na mbili achague ya bango, matone ya jasho nikayaweka ya kwanza. Amechagua ya kijana anayefunga kamba za viatu. Ya 50mm. Sijabishana.

Halafu nikamwandikia mama: "Shikamoo mama, ile lenzi nimeipenda. Nakuja saa tatu."

Akajibu: "Marahaba. Njoo na iliyobaki yote, sikopeshi."