Bleak House tumeisoma kwa vipande, na mirathi ikatugombanisha

Kama mna kundi la kusoma na mnatafuta riwaya nene ya enzi za Malkia Victoria, mi ningesema chukueni Bleak House ya Charles Dickens na msiwe na haraka nayo. Ina sura 67, ukiiona tu unachoka, ila Dickens hakuitoa kwa mkupuo, ilitoka kila mwezi kuanzia Machi 1852 mpaka Septemba 1853, kijitabu cha shilingi moja, watu wananunua wanasoma af wanakaa mwezi mzima wanabishana nini kitafuata. Na sisi tumeisoma hivyohivyo, ubishi wote tukaupeleka WhatsApp, voisi noti ndefu kama hotuba.

Kilichotushika ni ile kesi. Jarndyce na Jarndyce, kesi ya wosia iko mahakama ya Chancery pale London miaka nenda miaka rudi, mawakili wanakula tu, watu wanazaliwa wanaikuta na wanakufa wanaiacha. Sasa nani huku kwetu hajui kesi ya mirathi? Kila mtu kundini alikuwa na ya kwao, mara nyumba ya babu, mara shamba, mara baba mdogo kagoma kusaini, kuna siku kitabu chenyewe hakikutajwa kabisa. Aliyetuumiza ni Richard, kijana mzuri tu, anaanza udaktari anaacha, anaenda sheria anaacha, jeshi nalo anaacha, kisa kichwani anajua hela ya kesi inakuja. Mwishoni (samahani kwa ambao hamjafika) kesi inakufa yenyewe maana mali yote imeishia kwenye gharama za kesi. Hata senti haikubaki!

Kuna na mzee Krook, muuza makorokoro mlevi wa pombe kali ya jini (gin), anawaka moto mwenyewe bila kuwashwa na mtu, wanakuta masizi tu na harufu. Dickens alilitetea hilo kabisa eti linawezekana. Tulicheka, tukaendelea.

Ila vita yenyewe ilikuwa kwa Bi Jellyby. Huyu mama yuko London anaandika barua usiku na mchana kuokoa watu wa Borrioboola-Gha, kijiji cha kubuni pembeni ya mto Niger, huku wanae wachafu wanaporomoka ngazi hakuna anayewaangalia. Dada mmoja wa kundini anayefanya kazi na mashirika akasema hawa nawajua jamani, nawapokea eapoti kila mwaka. Mwingine akamkatisha, sawa, ila mbona kitabu kizima hakuna hata mtu mmoja wa Borrioboola anayeongea, af mwishoni tunasikia mfalme wao alitaka kuwauza wageni apate pombe?

Mi niko na huyu wa pili. Dickens anamcheka Bi Jellyby kwa sababu anataka Waingereza wamuone Jo, yule chokoraa anayefagia barabara, ambaye kuna asubuhi anakula kipande chake cha mkate kwenye ngazi za jumuiya ya kupeleka Injili nchi za ng'ambo na hata hajui hilo jengo ni la nini. Hapo kapiga kweli, na kifo cha Jo kililiza watu. Lakini huruma yake inaishia palepale London, sisi wa huku kwake tulikuwa utani tu, na dada wa eapoti mpaka leo hajakubali.