Jinsi nilivyozuia nukta C isitoke kwenye duara

Kidato cha Tatu, mada ya duara. Kwenye GeoGebra, programu ya kuchora maumbo ya jiometri, nilichora kipenyo AB, nikaweka nukta C ukingoni. Pembe ACB ikasoma 89.6° badala ya 90° inayotakiwa kwenye nusu duara. Nilipoiburuta C ikatoka nje kabisa, pembe ikazidi kupungua. “Mwalimu, mbona imekataa?”

Kumbe C niliiweka kwa kukadiria kwa macho, kwa hiyo ilikuwa nukta huru. Nikaifuta, nikabofya juu ya mzingo wenyewe hadi nukta ikawa ya bluu iliyofifia: hapo imeshikamana na duara. Sasa inazunguka na 90° haibadiliki.

Ila ikivuka upande wa pili wa AB husoma 270°, yaani pembe ya nje (360° − 90°). Kwenye sifa za pembe nikachagua kati ya 0° na 180°. Wanafunzi waligombania kipanya.