Siku moja maishani mwangu: wageni waliotaka kaburi la mtu maarufu

Saa kumi na moja kasoro alfajiri. Alamu inalia nazima, inalia tena nazima, ya tatu naamka maana naijua Kimara, ukichelewa nusu saa tu mwendokasi unapanda kwa viwiko. Kazi yangu mi ni kuongoza wageni hapa mjini Dar es Salaam. Nasema kuongoza wageni kwa sababu nikitumia lile neno la Kizungu kwa matamshi ya kwetu linatoka "gaidi" na majirani washanicheka vya kutosha. Sina ofisi wala gari, nina raba, simu na mdomo.

Leo wateja wawili, mzee wa Kiingereza wa sabini na kitu na binti yake mtu mzima. Meseji yao ya jana usiku ilikuwa fupi: wanataka makaburi ya vita ya barabara ya Bagamoyo, kuna ndugu wa babu yake mzee alifia huku kwenye vita ya kwanza ya dunia wanataka kumtafuta. Sawa. Alafu binti akaongezea chini, na utuonyeshe na watu maarufu waliozikwa hapo. Hicho kimstari cha mwisho ndo kilininyima usingizi.

Maana vijana wa kwetu wakitaka kaburi la mtu maarufu hawanipi shida, twende zetu Kinondoni, wanauliza Kanumba, yule mwigizaji, yuko wapi, nawaonyesha, wanapiga picha, wanakumbushana ule msiba wa 2012 nani alizimia nani alipotezana na viatu, tumemaliza tunakunywa soda. Makaburi ya vita ni habari nyingine. Watu wanapita pale kila siku na daladala za Mwenge, wanaona majani yamekatwa vizuri wanajua ni bustani ya ubalozi fulani.

Saa kumi na mbili natoka, namkuta babu jirani anafagia mbele ya kibaraza chake. Huyu babu ni mwanajeshi mstaafu, vita ya Kagera kapigana, na kufagia kwake ni kwa mstari ulionyooka utadhani kuna afande anakuja kukagua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo wapi?"

"Makaburini."

"Nani tena kafa?"

Nikamweleza. Akasimamisha ufagio. Akaniuliza sasa mbona wageni wenu hamwapeleki Kaboya, wenzetu tuliowazika si wako Kaboya? Nikamwambia babu Kaboya iko Muleba, Kagera kule, huyu mgeni kesho anapanda boti ya Zanzibar, tutafikaje? Akaitikia kwa kichwa lakini naona hakuridhika. Akasema basi ukirudi uje uniambie huyo maarufu wenu ni nani.

Saa moja kwenye mwendokasi nimesimama, mkono mmoja bomba mkono mwingine simu, nasoma notisi zangu. Jamaa wa pembeni anasoma na yeye begani kwangu. Kaona picha ya misalaba akahama. Hahaha.

Saa mbili na nusu tukakutana Posta, pale kwenye sanamu ya askari, Samora. Huwa naanzia pale kwa makusudi. Watu wote wa Dar wanaijua Askari Monyumenti kama kituo cha kuelekezana, "uko wapi?" "niko Askari", lakini ukimuuliza huyo askari ni nani kimya kinatanda. Ile shaba iliwekwa 1927, singe ya bunduki inaelekea bandarini, na kwenye msingi wake kuna maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, mengine kwa herufi za Kiarabu. Yanasema ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliopigana vita ya 1914 hadi 1918, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho wanamwambia askari kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nikawasomea. Binti akauliza, majina yenyewe yako upande gani? Akaizunguka sanamu nzima kuyatafuta. Nikamwacha azunguke.

Hakuna. Waliofanya mpango wa makumbusho baada ya vita waliamua Mzungu apate kaburi au jina lake lichongwe, askari mweusi na mpagazi wapate sanamu ya wote kwa pamoja. Tatu zilitosha kwa Afrika Mashariki yote, hii ya kwetu, Nairobi na Mombasa. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza tu kwenye vita ile walikuwa karibu 1,000,000, waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 90,000, wengi si kwa risasi, ni malaria, kuhara damu, njaa na kubebeshwa mizigo kuliko kiasi. Hata hao tisini elfu ni makadirio, maana ukishaamua huandiki jina unahesabu nini sasa.

Saa nne kasoro tukachukua bajaji. Bagamoyo Rodi vumbi na foleni ya ujenzi, dereva anatukana kwa adabu kwa sababu nina wageni. Mzee wa Kiingereza kashika bahasha ya kaki kifuani hajaiachia tangu asubuhi.

Tukafika. Mle ndani kwa kweli kuna ukimya wa ajabu ukilinganisha na honi za nje, mita chache tu. Kuna zaidi ya makaburi 1,700 ya vita ya kwanza na machache ya vita ya pili, na Wajerumani wamo humo humo na waliokuwa wanapigana nao. Mwanzo wafu hawa hawakuwa hapa. 1968 kulikuwa na barabara inajengwa, ikabidi makaburi 660 ya kule Ocean Road yahamishwe, yakaletwa huku. Miaka ya sabini mwanzoni wakaletwa karibu 1,000 wengine kutoka makaburi ya mikoani ambako hakukuwa na uhakika wa matunzo. Kwa hiyo ni watu waliozikwa mara mbili, na ukiniuliza mi hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu awe maarufu.

Sasa ikaja aibu yangu. Nilikuwa nimemtafuta ndugu yao mtandaoni jana, nikapata na namba ya bamba, nikasema nitaifungua nikifika. Nafungua, bando limeisha. Naomba salio la kukopa naambiwa nina deni. Jua lishakuwa kali, mzee wa watu ana kofia ndogo, mi najifanya nayajua makaburi naongoza kwa kujiamini mstari wa kwanza, wa pili, wa tano, hatuoni. Mzee mmoja wa bustani alikuwa anakusanya majani katuangalia tunavyozunguka mpaka akachoka, akaniita pembeni, "Dada, kafa lini huyo?" Nikamwambia Oktoba 1917, vita ya Mahiwa, kule Lindi. "Na mwili ulionekana?" Nikamuuliza mgeni, akatikisa kichwa, hapana. "Basi unamtafutia nini chini? Wasioonekana wako ukutani." Mi ndo mwongozaji hapo.

Ukutani kweli. Ni ukumbusho wa Waingereza na Wahindi waliokufa kuanzia Januari 1917 wasijulikane walipozikwa, majina zaidi ya 1,500. Mzee akampata baada ya kama dakika kumi. Hakulia wala nini. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza akaipitia moja moja mpaka ya mwisho kama mtoto anayejifunza kusoma, alafu akafungua ile bahasha, ndani mna karatasi nyembamba kaja nazo kutoka kwao, akaomba penseli. Anataka kuweka karatasi juu ya jina asugue liibuke. Penseli ya binti ikavunjika ncha hapo hapo, kalamu haifanyi kazi hiyo. Nikafungua pochi nikatoa penseli yangu ya wanja. Binti akanitazama, nikamwambia chukua tu. Jina likaibuka jeusi tii, limetapakaa kidogo kwenye herufi mbili za mwisho kwa jasho la mkono, mzee akalipulizia likauke. Wanja nikamwachia, si wa bei.

Saa sita kasoro, chini ya mti, binti akanikumbusha. Na maarufu?

Nikawaambia ukweli. Wale ambao vitabu vinawataja hawapo hapa. Selous, yule mwindaji aliyebeba jina la pori letu kubwa, alipigwa risasi na mdunguaji Januari 4, 1917 akiwa na miaka 65, kazikwa huko huko Beho Beho, na siku hizi sehemu hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo Mwingereza amelala ndani ya jina la Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe kalala Butiama. Von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani aliyewazungusha Waingereza miaka minne, kajisalimisha Novemba 25, 1918, wiki mbili nzima baada ya vita kuisha Ulaya, akarudi kwao akaishi mpaka 1964. Watu maarufu wa vita ile ama walikufa porini ama walikufa vitandani.

Ila kuna sehemu moja humu huwa simalizi ziara bila kuipitia. Ni makaburi ya pamoja ya Waafrika waliohamishwa kutoka Ocean Road. Kule walikozikwa mwanzo hawakuwekewa alama mtu mmoja mmoja, Wakristo upande wao, Waislamu upande wao, basi siku ya kuhamishwa hakuna aliyejua huyu ni nani na yule ni nani, wakazikwa tena kwa makundi na ukuta mmoja wa kumbukumbu kwa kundi zima. Nikasimama hapo sikusema kitu. Binti akauliza wako wangapi, nikamwambia soma, akasoma, hakupata alichokuwa anatafuta.

Mzee ndo akaongea, tangu asubuhi hajaongea hivyo. Anajua habari ya 2021, ile tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao au hawakuwekewa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Akaniuliza na wewe una wa kwenu humu? Nikamwambia kwetu ni Songea, haiwezekani wasiwemo. Ila sina jina la kutafuta, hata ningekuwa na bando.

Saa nane njaa. Nikawapeleka Kariakoo kwa mama ntilie wangu, wali maharage na samaki, wageni wamekaa kwenye benchi magoti yamefika kidevuni. Nikawaambia hili jina Kariakoo ni ile "Carrier Corps" ya Waingereza, kambi ya wapagazi ilikuwa maeneo haya baada ya wao kuuteka mji 1916, midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Binti akaandika kwenye daftari akapigia mstari mara mbili. Mama ntilie akadakia, "Kumbe! Mi miaka yote najua ni jina la mtu," akaongeza maharage bila kuombwa. Nje makonda wanaitana, Kariakoo Kariakoo Kariakoo, wawili wanakwenda.

Saa kumi nimewarudisha hotelini. Malipo haya wamenipa mkononi, afadhali, maana kuna kampuni moja iliniletea wageni mwezi wa tatu mpaka leo naambiwa mhasibu yuko likizo. Likizo gani hiyo ya uzazi wa mapacha.

Saa moja jioni nafika Kimara miguu haina hisia. Babu kakaa kibarazani kwake na redio.

"Haya, maarufu ni nani?"

Nikamwambia hayupo babu, nimemkosa. Nikamsimulia ya wanja, ya ukutani, ya wale waliohamishwa pamoja. Akapunguza redio. Kanisikiliza mpaka mwisho, alafu akaanza kutaja majina. Ya wenzake, wa kikosi chake, waliobaki Kagera na Uganda. Sikumuuliza, alianza tu mwenyewe, jina na kabila na tabia, huyu mchezaji mpira, huyu Mmakonde mfupi alikuwa haogopi kitu, huyu alikuwa na barua mfukoni hajaituma, anakunja kidole kimoja kimoja. Kwenye la nane akakwama. Akafumba macho. Akarudi la saba, akaja tena, akakwama pale pale.

"Mama," akaita kuelekea ndani, "yule kijana wa Kondoa, wa lile koti, nani vile?"

Bibi yuko jikoni anakaanga dagaa, huyo kijana hajawahi kumwona maishani mwake. Akalitaja jina na la baba yake, akauliza kama nakula hapa au naenda kwangu.