Risiti ya elfu mbili

Hii ilikuwa 2016, Tanga, na mi nilikuwa mhasibu wa kituo cha wazee ambacho kipo tangu 1974. Kilianzishwa na majirani tu, akina mama waliokuwa wanapika uji na kuwapelekea wazee wa manamba waliobaki peke yao. Kwa asiyejua, manamba ni wale waliotolewa Kigoma, Songea, Njombe huko, wengine hata Burundi na Msumbiji, wakaletwa kukata mkonge, ile ofisi ya SILABU ndo ilikuwa inawaandikisha kwa mikataba, kila mtu na namba yake. Miaka ya 60 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge kwa mwaka, halafu kamba za nailoni zikaharibu soko, bei ikaanguka, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine, na hawa watu walishakaa huku miaka 30 bila kurudi kwao, hapa hawana ndugu na kule hawajulikani tena.

Baadaye kituo kikapata mfadhili kutoka Ulaya, na kwa miaka mingi sana yeye ndo alikuwa analipa kila kitu, chakula, mishahara, mafuta ya gari, mpaka kalamu nilizokuwa natumia mi. Mwezi wa tano mwaka huo ikaja barua kwamba msaada unaisha Desemba. Niliisoma mara tatu pale mezani, nje nasikia sufuria zinagongwa, wazee 38 wanasubiri chakula cha mchana.

Mi nilikuwa nimeshahudhuria mafunzo Dar, siku nne hotelini, ya kutafuta fedha za taasisi. Kwa hiyo nikajifungia nikaandika andiko la mradi, kurasa 22, nikatuma kwa wafadhili watatu. Wawili hawakujibu kabisa, wa tatu akasema wao hawafadhili chakula. Ikabidi kuitisha kikao cha kamati, nikasoma yale majibu, watu wote kimya.

Mweka hazina wetu alikuwa bi mkubwa mmoja wa Ngamiani, umri kama miaka 70 hivi, tena mtu wa kamati za harusi, ukoo wowote ukioza ule mtaa wao lazima daftari la michango alishike yeye. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa Ngamiani umeshamwomba nani?"

Sikuwa na jibu, maana hatukuwahi kumwomba mtu yeyote. Miaka arobaini na ushee tupo mtaani na hakuna jirani aliyewahi kugongewa mlango akaambiwa tunahitaji nini.

Mi bado nikawa nataka tuanzie kwenye makampuni makubwa, bandarini, viwandani. Akasema huko tutaenda, ila ukienda kwa mtu mkubwa atakuuliza majirani zako wamekuchangia nini, utamjibu nini? Akaniagiza kwanza nipige hesabu chakula cha mzee mmoja kwa siku ni shilingi ngapi. Nikapiga, mchele, unga, maharage, mkaa, mpishi, ikaja 1,500. Akasema basi hiyo ndo tutakayoisema, zile kurasa 22 weka kabatini.

Jumamosi moja wiki chache baada ya Idi tukatoka, tumeshachukua barua ya utambulisho serikali ya mtaa, yeye kabeba kaunta buku kaipiga mistari kwa rula, jina, ahadi, alicholipa, baki, na mi nimebeba kitabu cha risiti chenye kaboni na muhuri kwenye mfuko wa Rambo. Ngamiani barabara zina namba, tukaanzia ya 5 tukawa tunapanda nazo. Bi mkubwa hakuwa na haraka, anapiga hodi, anasalimia, anauliza habari za wajukuu, anapewa maji anakunywa, ndo anaanza, "Nimekuja kwa ajili ya wale wazee wetu. Chakula cha mzee mmoja kwa siku ni elfu na mia tano. Wewe utaweza kulisha siku ngapi kwa mwezi?" Halafu ananyamaza. Mi ule ukimya ulikuwa unanitesa, nataka kujaza maneno, lakini yeye anakaa tu na kalamu yake mpaka mtu aseme mwenyewe.

Mama mmoja anayekaanga mihogo akatuambia kitu mpaka leo ninacho. Alisema anapita pale getini kila siku miaka na miaka na alijua ni kituo cha wazungu, kwa sababu kibao kina bendera yao na nembo yao, jina letu lipo chini dogo. "Wazungu ningewachangia nini mimi?" Akafungua kindoo chake cha hela akatoa mia tano, akasema andika na ahadi ya siku mbili kila mwezi.

Barabara ya 7 kuna fundi baiskeli, alikuwa anaziba pancha, mikono yote grisi, akatoa elfu mbili akasema risiti ya nini bwana, nendeni tu. Jua lilikuwa kali, nyuma yake kuna watu wanasubiri, nikaona sawa, nikaiweka kwenye bahasha tukaendelea. Tumefika barabara ya 12 bi mkubwa akasimama kivulini ajumlishe, hela zikazidi daftari kwa elfu mbili. Akaniangalia. Nikamweleza. Hakunifokea, alifunga daftari akageuka akaanza kurudi tulikotoka, na miguu yake ilikuwa inamuuma, namwona kabisa anavyoikanyagia pembeni. Nikamwambia bibi kaa hapa niende peke yangu, akasema tulichukua wawili tutarudisha wawili.

Fundi alishangaa. Nikaandika pale pale juu ya siti ya baiskeli, jina, shilingi 2,000, kwa ajili ya chakula cha wazee, muhuri, sahihi. Akafuta vidole kwa tambara akaipokea kwa ncha za vidole akaisoma yote. Bi mkubwa akamwomba radhi yeye mwenyewe, mi nimesimama nyuma yake natamani ardhi ipasuke.

Siku ile tulirudi na keshi 187,500, na ahadi za zaidi ya laki nne kwa mwezi. Chakula chetu kilikuwa kinakula kama milioni moja na laki saba kwa mwezi, kwa hiyo safari ilikuwa bado ndefu. Wiki iliyofuata tukaenda kusajili namba ya kupokelea pesa kwa simu kwa jina la kituo, maana wengi walisema mtu akituma likatokea jina la mtu binafsi anasita, na kibao tukakipaka rangi upya.

Mwisho wa mwezi bi mkubwa akasema turudi kote, safari hii hatuombi, tunawaambia tu hela yao imefanya nini, wazee wangapi wamekula na kilichobaki ni kiasi gani. Kwa fundi ile risiti ilikuwa imebandikwa ukutani kwa sulotepu, kando ya tairi zilizotundikwa, ina alama ya kidole cha grisi kwenye kona. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Yule mzee wa Kigoma anayepita hapa na fimbo anaendeleaje? Siku hizi simwoni." Nikamwambia anaumwa magoti yuko ndani, akaweka spana chini akasema subiri nifunge, twende wote nikamwone.