Siku moja maishani mwangu: eti nalipwa kuangalia katuni

Saa 1 asubuhi. Niko kituoni Jersey City nasubiri treni ya Manhattan. Tanga ni saa 8 mchana na mama kashapiga. Shikamoo, marahaba, kisha swali lile lile: "Mwanangu, bado wanakulipa uangalie katuni?" Bado, mama: kazi yangu ni kusafisha filamu za zamani za katuni.

Saa 2 nimeshavaa glavu. Nafungua kopo la filamu, nakagua matundu ya pembeni, naziba yaliyochanika, naupitisha mkanda kwenye skana. Wa leo ni wa naitreti, plastiki ya filamu za zamani: ukishika moto hata maji hayauzimi, ukianza kuoza unanuka soksi za wiki nzima. Kufika saa 5 picha zote ziko kwenye kompyuta. Dakika 7, picha 24 kila sekunde. Piga hesabu: 10,080.

Ni katuni ya mwaka 1930, nyeusi na nyeupe. Jina silitaji, ni mali ya watu. Mle mna mzimu wa koti na mbwa, birika lina miguu, kaburi linacheka, mikono inapinda kama mpira wa baiskeli, na wote wanadunda kwa mdundo mmoja hata wakiwa hawana shughuli. Itazame bila sauti, peke yako, kwenye chumba kisicho na dirisha, uone kama mwili hautakusisimka. Siri iko kwenye mkono wa mchoraji. Mchora katuni wa Marekani Winsor McCay alipomtengeneza dinosaria wake Gertie mwaka 1914, msaidizi wake alichora upya mawe na milima kwenye kila karatasi, maelfu ya karatasi, ndiyo maana mlima unatetemeka kama una homa. Akina Fleischer, ndugu waliotengeneza katuni hapa hapa New York, walifuatisha kwa penseli filamu ya mtu halisi. Mwaka 1933 mwendo wa mwanamuziki Cab Calloway ukaingia kwenye mzimu mweupe wa miguu mirefu katika katuni yao. Umbo si la mtu, hatua ni za mtu. Hapo ndipo ninapogeuka kuangalia mlango.

(Zile glavu nyeupe na midomo mipana asili yake ni maonyesho ya wazungu waliojipaka masizi kutudhihaki sisi weusi. Nazo nazisafisha. Sizifuti.)

Saa 7, mteja. Anataka ing'ae, "kama imechorwa jana". Namweleza kuna uchafu wa aina mbili: ulioingia kwenye mkanda baadaye, huo nautoa, na ule uliokuwa juu ya mchoro siku kamera ilipopiga, huo ni wa wenyewe, unabaki. Hasikii. Anataka programu ifanye yote, tena kwa nguvu ya mwisho. Haya. Programu hiyo, kitu kikitokea kwenye picha moja na kutoweka inayofuata, yenyewe inasema vumbi. Kwenye katuni hiyo ni nusu ya mchoro! Mzimu ukapoteza vidole, mbwa akapoteza jicho. Nikamtumia. Akajibu: "Safi sana! Ila mbona mbwa hana jicho?" Nirudishe jicho, mengine niyaache. Vidole hata hakuviona.

Nikaizima programu nikaanza upya kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Chai imepoa mara ya pili. Shingo imekuwa gogo, macho yana mchanga. Saa ngapi sijui, wenzangu walishaaga.

Katikati ya uchovu huo nikaiona: alama ya kidole gumba kwenye koti la mzimu. Picha mbili, ikapotea. Mbele kidogo ikarudi, pale pale. Ikarudi tena. Basi si uchafu wa mkanda. Walikuwa wakirudia michoro ile ile kuokoa kazi, na kidole kiliachwa kwenye mchoro wenyewe, huenda na mmoja wa akina dada waliopaka rangi, maana kazi hiyo mara nyingi ilikuwa yao. Miaka zaidi ya tisini. Nilikaa nikakitazama muda mrefu kuliko ninaolipwa.

Niko kwenye treni ya kurudi, ujumbe wa mteja unaingia: kuna doa kwenye koti la mzimu, nalifahamu?

Nimemjibu: doa gani?