Noti za Samaki

Mwaka 2020 nilikuwa nafua pesa. Mume wangu ni mchuuzi wa samaki hapa Tanga: alfajiri yuko mnadani Deep Sea, asubuhi anazunguka Ngamiani na baiskeli, mchana anarudi na noti zinazonuka shombo, nyingine zimeganda magamba. Nilizipokea kwa koleo la mkaa, nikazitumbukiza kwenye beseni la sabuni ya unga, nikazisuuza mara saba, nikazianika uani kwa vibanio. Noti ya elfu kumi huvumilia. Ya elfu moja iliyochakaa hufumuka mkononi kama andazi ndani ya chai. Siku moja upepo ulipeperusha elfu tano ikaangukia kwa jirani, nikaona afadhali aichukue tu, maana ilishagusa chini.

Wanaonijua juujuu hudhani ni corona iliyonitia uoga. Sivyo. Mimi nimeanza nikiwa na miaka kumi na mbili, chuoni kwa maalimu. Wenzangu wako rakaa ya pili, mimi bado niko kwenye birika la udhu naosha mguu wa kushoto, sina hakika kama maji yamefika kisiginoni. Maalimu akasema, "Huyu ana wasiwasi." Sisi wa pwani neno hilo ni zito kuliko hofu ya kawaida, ni mnong'ono wa shetani. Nikasomewa dua, nikanywa kombe la aya za Kurani. Bibi akasema nikikua nitaacha. Nilikua, nikaolewa, nikazaa watatu. Kuacha sikuacha, nilijifunza kuficha.

Ndani kunakuwaje? Wazo linakuja lenyewe: huu mkono una kitu, ukimshika mtoto atakufa na utakuwa umemuua wewe. Najua ni upuuzi, na kujua hakunisaidii kitu. Nanawa, roho inatulia dakika mbili, wazo linarudi na mwenzake: je, koki uliyofungia maji ulikuwa umeiosha?

Basi tarehe 16 Machi 2020 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Nitasema la aibu: nilifurahi. Kila mlango wa duka ukawekwa ndoo ya koki na sabuni. Daladala zikaambiwa abiria wakae kwenye siti tu. Shemeji zangu waliokuwa wakinicheka wakawa wananiuliza namna ya kusugua katikati ya vidole. Nilijiona kama mji mzima umehamia nyumbani kwangu.

Kazi yangu ni cherehani, na oda za barakoa za kitambaa zikamiminika. Pesa ilikuwepo, ila kila barakoa niliifua kabla ya kumkabidhi mtu, nikaipiga pasi mbele na nyuma, kisha nikajiuliza kama ile ya nyuma niliipiga kweli. Mteja amekaa barazani saa nzima anasubiri vipande viwili vya kitambaa.

Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Adhana ya magharibi inaadhiniwa, watu wameshika vikombe, mimi niko uani naosha tende kwa sabuni. Mama mkwe akatia moja mdomoni, akatafuna polepole, akasema, "Mwanangu, tende yako inatoa povu." Watoto walicheka. Mume wangu hakucheka.

Kilichonimaliza zaidi ni takwimu. Kila jioni nilikuwa mbele ya televisheni nasubiri idadi, nikiipata narudi kuhesabu madumu ya maji. Idadi ilifika 509, kisha mpya haikutoka tena. Wengine walishusha pumzi. Mimi kichwa changu kinataka hakika na hakiishi kuitaka, kwa hiyo kile kimya nilikijaza mwenyewe, na nilikijaza kwa wanangu.

Nyumba ikawa na sheria. Baba watoto anavulia nguo uani, anajimwagia ndoo mbili ndipo aingie. Viatu havivuki kizingiti. Mama mkwe alipotaka kutufukiza sote kwa muarobaini na malimao nilimkatalia, chungu chake sikukiamini. Walitii wote, tena kwa mapenzi. Na kila usiku nilikuwa na swali langu: "Una hakika umenawa?" Mume wangu anajibu, "Nimenawa." "Wallahi?" "Wallahi." Dakika tano baadaye nauliza tena, naye anajibu tena, huku usingizi umemshika na saa tisa za usiku anatakiwa kuamka.

Siku iliyonivunja ni ya Juni. Nimepakua wali na samaki wa kukaanga, kitinda mimba wangu, mwaka wa tano huo, amesimama pembeni ya mkeka, mikono juu, vidole vimetanuka, haketi. Namwambia kula baba, ananiambia, "Mama, nimegusa hewa." Alikuwa anatetemeka. Nilikuwa namwona mtoto wangu na namwona yule msichana wa kwenye birika.

Na mjini ndoo zilikuwa zimekwisha kukauka. Tarehe 29 Juni shule zote zikafunguliwa, watu wakarudi kubanana kwenye daladala. Wangu niliwazuia nyumbani wiki mbili zaidi, mpaka mwalimu akapiga simu. Bili ya maji ilikuwa imepanda mara tatu. Mikono yangu ilipasuka kama udongo wa kiangazi, jiki ikiingia kwenye nyufa nauma meno.

Ni hiyo mikono iliyonipeleka hospitali. Nilikwenda kutafuta dawa ya ngozi. Tabibu akaigeuza viganja juu, viganja chini, akauliza, "Mama, kwa siku unanawa mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Akaniandikia mafuta, na karatasi ya pili ya kliniki ya afya ya akili. Ile karatasi niliikunja nikaificha kwenye droo ya cherehani siku kumi na moja. Kwetu ukitajiwa akili tu, mtu ataropoka "Lutindi", hospitali ya wagonjwa wa akili ya kule Korogwe milimani, na hakuna anayelitaja jina hilo kwa mzaha mwema. Mume wangu ndiye aliyeikuta akitafuta sindano ya kushonea gunia. Hakusema neno. Asubuhi aliacha mnada, akaniambia nivae baibui twende.

Daktari, kijana tu, alisema una jina ugonjwa huu, OCD, yaani wazo linalong'ang'ania na kukulazimisha kurudiarudia jambo, na wanaougua wako duniani kote, wenye dini na wasio nayo. Akanianzishia vidonge vya fluoksetini, akaonya nisitegemee kitu upesi, huweza kuchukua wiki kumi au kumi na mbili. Ni kweli, mwezi wa kwanza niliona kichefuchefu tu. Kisha akamgeukia mume wangu. Akamwambia lile jibu lake la kila usiku ndilo chakula cha ugonjwa. Maskini mume wangu, alidhani siku zote anazima moto.

Tukapewa kazi mbili. Yangu ilikuwa kugusa ninachokiogopa na kukaa bila kunawa, kuanzia dogo kwenda kubwa: kwanza kitasa cha mlango, kisha kiatu, mwisho noti za Deep Sea. Yao ilikuwa kutonijibu. Nikiuliza, waseme, "Huo ni wasiwasi, sijibu," basi.

Siku ya kitasa nilikaa kwenye kigoda nimeshika kanga kwa meno. Moyo unapiga, jasho linatoka. Mume wangu alikaa upande wa pili anaparua samaki, hakunitazama. Baadaye akasema, "Maji hujaa, mama watoto, lakini hayajai siku nzima." Mimi nimezaliwa pwani, bamvua naijua, na sikuwahi kuifikiria hofu hivyo. Mara ya kwanza ilichukua karibu saa nzima kupwa. Baada ya wiki mbili, kitasa kilikuwa kitasa tu.

Mama mkwe ndiye aliyetuharibia. Mbele ya mwanawe alikuwa akisema "sijibu" kwa sauti kubwa, halafu akinipita jikoni ananinong'oneza, "Nimenawa mwanangu, usijali." Huruma yake ilinirudisha nyuma mwezi mzima, nami nilikuwa namfuata jikoni makusudi, sikatai.

Kigumu kuliko vyote ni kwamba corona ilikuwepo kweli. Kitasa hakiui, lakini mwanzoni mwa 2021 maradhi ya kifua yaliporudi mtaani kwetu, nani angeniambia nisinawe? Daktari akasema: nawa kwa sabuni sekunde 20, ukitoka nje, ukitoka chooni, kabla ya kula. Wengine wanaambiwa wasipungukiwe na hapo, wewe usizidishe. Nilibandika saa ya ukutani uani. Sekunde 20 ni fupi mno! Kwa udhu nilikwenda kwa ustadhi wa msikiti wa jirani, akanikumbusha kanuni ya wanazuoni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba kila kiungo mwisho ni mara tatu. Akaongeza kwamba mtu kama mimi, shaka ikimjia baada ya kumaliza, aswali hivyo hivyo. Nililia njiani. Miaka yote ile hakuna aliyeniambia naruhusiwa kuswali na shaka yangu.

Chanjo ilipozinduliwa, 28 Julai 2021, sikukimbilia. Nilichoma ile ya dozi moja wiki chache baadaye, kisha nikapambana siku nzima nisiuoshe mkono mahali ilipoingia sindano.

Vidonge bado nameza. Zipo siku mbaya, hasa mtoto akikohoa. Kitinda mimba alipona kabla yangu, nilipoacha mimi naye akaacha, sasa anakula embe bila kulimenya.

Juzi baba watoto ameingia na baiskeli, akaniwekea pesa juu ya meza ya cherehani. Ile ya juu ilikuwa na gamba la changu limeng'ang'ania. Nimeihesabu pamoja na nyingine, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikaendelea kukanyaga. Mama mkwe alikuwa mlangoni anapeta mchele, macho kwenye pindo langu.

"Umenawa lakini?" akauliza.

"Mama," nikamwambia, "huo ni wasiwasi, sijibu."